Siti binti Saad na Mtambo wa Ukumbini

Hapana mtoto wa Unguja asiyepata kulisikia jina la Siti binti Saad. Lakini kulisikia jina si kuisikia sauti, na mimi mwenyewe, niliyelitaja jina hilo darasani mara nyingi, sikuwa nimemsikia vizuri mpaka muhula uliopita. Siku ya wazee nilitahayari mbele za watu kwa ajili yake, na kutahayari huko ndiko kulikonifanya niandike habari hizi za maisha ya bibi yule, pamoja na habari kidogo za mtambo ulioificha sauti yake.

Wengi wenu mlikuwapo. Mzee wa mwanafunzi mmoja alikuwa ameipa shule yetu zawadi ya mtambo wa sauti, ule ambao watu huuweka majumbani mwao ili waangalie senema na kuona kama wamo ndani yake. Una spika tano, na moja ya sita ya kutoa mshindo wa chini. Kiungo cha mtambo wote ni sanduku jeusi ambalo mbele yake pana vifundo viwili vikubwa vya kuzungusha, safu ya vitufe vidogo, na kioo kinachoandika nambari kwa mwanga wa samawati. Sanduku hilo halizisukumi spika. Kazi yake ni kuipokea sauti, kuichagua na kuitengeneza, kisha kuikabidhi kwa mwenziwe mwenye nguvu, amplifaya, ambaye ndiye anayezisukuma. Kwa kuwa kazi yake hutangulia ile ya amplifaya, mafundi huliita priamplifaya.

Nilisimama mbele ya sanduku hilo nikauweka wimbo wa Siti unaojulikana kwa jina la Kijiti, nikazungusha kifundo. Iliyotoka ilikuwa kama sauti ya mtu anayeimba ndani ya birika la maji. Maneno yaligongana, neno la kwanza likirudi juu ya la tatu, na mkwaruzo wa sahani ya zamani ulivuma kutoka nyuma ya ukumbi kama mvua juu ya bati. Wazee walivumilia kwa adabu. Lakini bibi mmoja wa hapa Chwaka, mtu mzima sana, aliyeketi safu ya mbele, hakuvumilia. Alisema kwamba huyo si Siti. Alipokuwa mtoto mdogo nyumbani kwao palikuwa na santuri ya mkono, na kila neno la Siti lilikuwa likisikika hata barazani; basi ikiwa dude kubwa namna ile haliwezi kutamka maneno, heri ile santuri. Watu walicheka, na mimi nikauzima mtambo.

Bibi yule alikuwa na haki. Ili mwone haki yake ilikuwa wapi, imenipasa kwanza nieleze Siti alikuwa nani na sauti yake iliingiaje katika sahani.

Alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, upande wa kusini magharibi wa kisiwa hiki. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua. Jina walilompa halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa, na zamani hizo jina kama hilo lilieleza hali ya mtu kabla hajafungua kinywa chake. Sheria ya kuondoa utumwa katika Unguja na Pemba ilipigwa mwaka 1897, na wakati huo yeye alikuwa msichana mkubwa. Chuoni hakusoma wala skuli hakwenda. Alichojifunza kwa mama yake ni ufinyanzi, yaani kuukanda udongo, kuufinyanga na kuuchoma, kisha kujitwika vyungu na kwenda navyo mjini kuviuza.

Kutoka Fumba mpaka mjini ni mwendo wa maili zipatazo 10, na mwenye vyungu kichwani hawezi kukimbia. Alipofika katika vichochoro vya mji alivinadi vyungu vyake kwa kuimba, na watu waliijua sauti hiyo tangu mbali, wakatoka milangoni kabla hajafika. Mimi hupenda kumfikiri katika hali hiyo. Hakuwa na kifundo cha kupandishia sauti ila kifua chake, wala cha kuitengenezea ila koo lake, na kuta za mawe za Mji Mkongwe ndizo zilizokuwa spika zake.

Mwaka 1911 alihamia mjini moja kwa moja. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na kitu, ambaye wengi wangesema wakati wake umekwisha kupita. Huko alikutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, naye aliposikia ile sauti alijitolea kumfundisha uimbaji na upigaji wa ala. Hapa ni lazima niwakumbushe wasomaji wadogo kwamba taarabu ya siku zile haikuwa mnayoisikia leo harusini. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri ili imburudishe katika jumba lake. Ilikuwa ya wanaume, na ikiimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wa watu wa Ng'ambo hawakuielewa. Siti aliifunza koo lake taarabu hiyo, kisha akaigeuza ikasema Kiswahili.

Hakuifanya kazi hiyo peke yake. Alikuwa na wenziwe, nao ni Maalim Shaaban Umbaye, Subeit bin Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruku. Walikutana usiku nyumbani kwake Ng'ambo wakifanya mazoezi, na majirani wakija kusikiliza na kuzungumza habari za siku ile: nani kashitakiwa, nani kadhulumiwa, nani kaoa wapi. Mazungumzo yale ndiyo yaliyozaa nyimbo. Sifa zake zikapanda kutoka Ng'ambo mpaka katika nyumba za matajiri na jumba la Sultani, na aliyekuwa Mtumwa akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Wako waliochukia. Walitunga maneno ya kumsuta kwamba alikuja mjini amevaa kaniki, nguo ya maskini na ya watumwa, na kwamba lau si sauti yake asingekuwa na cha kula, kwa kuwa sura hana na nasaba hana. Naye akawajibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si kitu na ukoo si kitu, na kinachomtukuza mwanadamu ni akili na mwenendo wake. Jibu hilo lilienda mbali kuliko matusi yao, na sababu yake mtaiona sasa hivi.

Mwezi wa Machi mwaka 1928 Siti na wenziwe walisafiri kwa meli mpaka Bombay, walikoitwa na kampuni ya Gramophone, ile ambayo chapa yake ni mbwa anayesikiliza bomba la santuri. Walikwenda kutiwa sauti zao katika sahani. Kabla yao hajapata kutokea mwanamke wa Afrika ya Mashariki aliyefanya hivyo.

Wakati ule ulikuwa mzuri kwao kwa sababu moja. Zamani mwimbaji alikuwa akipiga kelele ndani ya bomba kubwa la bati, na nguvu za pumzi yake ndizo zilizotikisa sindano iliyochora nta. Tangu mwaka 1925 makampuni makubwa yalianza kutumia maikrofoni na umeme, na sauti laini ikaweza kushikwa pamoja na ile ya ukali. Lakini maikrofoni ilikuwa moja tu. Kila kilichosikika chumbani, udi, fidla, rika na koo la mwimbaji, kilipita katika mlango huo mmoja na kulala katika mfereji mmoja wa sahani. Leo fundi akiona ngoma imezidi hupunguza kifundo cha ngoma. Siku zile kifundo cha ngoma kilikuwa kiti cha mpiga ngoma: ikizidi, yeye na kiti chake husogezwa nyuma. Mwimbaji husimama karibu, mwenye udi kandokando yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya mafundi wa sahani. Na wimbo uliokwisha kuchorwa katika nta haukusahihishika. Akikosea mtu mmoja, wote huanza upya.

Tena upande mmoja wa sahani ulichukua dakika tatu tu, au zaidi kidogo. Anayezijua nyimbo za taarabu anafahamu kwamba katika dakika tatu mwimbaji huwa ndiyo kwanza anapasha moto. Wimbo mrefu ilibidi ukatwe, au uanze upande wa kwanza na kumalizikia wa pili. Siti aliyezoea kuimba usiku kucha sasa alipimiwa dakika kama mtu anayepimiwa kitambaa, na pamoja na hayo kila neno lilikaa mahali pake.

Sahani zile zilirudi Unguja, zikavuka kwenda Tanganyika, Kenya na Ngazija. Ziliuzwa kwa makumi ya maelfu, hesabu ambayo kampuni yenyewe haikuitazamia, na makampuni mengine nayo yakaanza kuwatafuta Siti na waimbaji wengine wa pwani. Asiye na santuri alikwenda mkahawani. Kwa bei ya kikombe kimoja cha kahawa mtu aliweza kukaa na kumsikiliza Siti, na akibishana na mwenziwe juu ya maana ya beti, sahani ilirudiwa.

Sasa tuitazame santuri yenyewe, maana humo ndimo lilimo jambo la bibi yetu wa Chwaka. Santuri ya mkono haikuwa na umeme. Ulizungusha mpini ubavuni mpaka springi ikakaza, ukatia sindano mpya ya chuma, kwa sababu sindano moja haikufaa kwa zaidi ya upande mmoja au miwili, ukaiachia sahani izunguke mara 78 kwa dakika. Palikuwa na kijiti kidogo cha kurekebishia mwendo. Ukikosea kukipanga, Siti aliimba kwa sauti ya mwanamume mzee au kwa sauti ya kitoto. Springi ikilegea katikati ya wimbo alididimia kama aliyeshikwa na usingizi, nawe ukakimbilia mpini. Kifundo cha kupunguza sauti hapakuwa. Aliyetaka sauti ndogo alitia sindano nyembamba, na wenye santuri za kabati walifunga milango yake. Basi hayo ndiyo yaliyokuwa mamlaka yote ya msikilizaji. Hakuweza kumwongeza Siti chochote ambacho Siti hakukitoa. Sauti iliingia kwa mlango mmoja, na ilitoka kwa mlango mmoja.

Je, hizi spika tano zilitoka wapi? Hapa naomba nipite kwa haraka mpaka London. Mwaka 1931 kampuni ile ya mbwa iliungana na mshindani wake Columbia, ikazaliwa kampuni ya EMI. Kati ya wahandisi waliotoka Columbia alikuwamo kijana aitwaye Alan Blumlein, mwenye umri wa miaka 28. Inasimuliwa kwamba alikwenda senema pamoja na mkewe akaudhika kuona mtu anatembea upande huu wa pazia na sauti yake inatoka upande ule. Akawaza kwamba mwanadamu ana masikio mawili, na kwa hiyo sauti nazo zinapasa kupita njia mbili, ya kulia na ya kushoto, ndani ya mfereji mmoja. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo wa 1931 aliomba hati ya kuimiliki shauri yake hiyo, na mwaka 1933 akapewa. Hakuishi kuiona ikienea. Alikufa tarehe 7 Juni, 1942, katika ajali ya ndege akijaribu chombo cha rada wakati wa vita. Miaka mingi baadaye watu wa senema waliziongeza njia zile mbili, wakaweka spika ya katikati kwa ajili ya maneno na nyingine za nyuma kwa ajili ya mvua, magari na risasi. Ndizo hizo zilizomo ukumbini mwetu. Lakini Siti aliimba miaka mitatu kabla ya shauri la Blumlein. Yeye ana njia moja tu.

Nirudi kwa Siti, na kwa wimbo ule wa Kijiti. Kijiti lilikuwa jina la mwanamume. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja kutembea Unguja, wenyeji wake wakamchukua kwenda mchezoni, na huko Kijiti akamuua. Muuaji alivuka bahari akakimbilia bara. Mahakama ya wakati ule haikumpata. Iliowapata na kuwaadhibu ni wanawake waliofuatana na marehemu. Watu wa Ng'ambo hawakuwa na gazeti lao la kuandikia uchungu wao, wala hawakukaa katika baraza la kutunga sheria. Siti aliutia uchungu huo katika wimbo, na wimbo katika sahani, na hakimu akasutwa kila mahali palipokuwa na sindano na springi. Kwa sababu hiyo maneno ya wimbo ule si pambo lake. Mtu akiyakosa maneno hakuusikia wimbo, hata akiambiwa kuwa spika ni tano.

Sahani zilipungua baadaye. Mdororo wa biashara ulioanza mwaka 1929 ulizibana fedha za watu, bei ya karafuu ikaanguka, na vita vikuu vikafuata. Siti aliendelea kuimba hata uzeeni. Mwisho wa uhai wake alizungumza na Shaaban Robert, ambaye aliyaandika maisha yake katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad; wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne wanaweza kukisoma, na nawashauri wakisome polepole. Alifariki dunia tarehe 8 Julai, 1950. Mwaka uliofuata, 1951, Unguja ilipata idhaa yake ya redio, kwa hiyo hakuijua redio ya kwao. Bi Kidude, aliyekufa mwaka 2013, aliziimba nyimbo zake mpaka ulimwengu wote ukazisikia, na chama cha waandishi wa habari wanawake wa Tanzania kilipotoa gazeti lake kililiita Sauti ya Siti.

Basi siku ile ya wazee, jioni, nilifungua kitabu cha maelezo cha mtambo, kitu ambacho ningekifanya asubuhi lau ningekuwa na busara. Wanafunzi wawili walibaki kunisaidia. Tulianza na kifundo cha kushoto, kinachochagua sauti itoke wapi: televisheni, kichezeo cha sahani, kompyuta, redio. Hapo hatukuwa na kosa. Kifundo cha kulia ni cha kupandisha na kushusha sauti, nacho kilitushangaza, kwa kuwa nambari za kiooni huwa na alama ya kutoa mbele yake. Mwanafunzi mmoja alitaka kuipandisha sauti akaipeleka toka 30 hadi 45, na sauti ikafifia. Alidhani mtambo umeharibika. Kumbe mtambo huu haupimi kwa kuanzia kimya. Sifuri yake ni sauti kubwa, ile ya kiasi cha jumba la senema, na kila nambari ni desibeli zilizo chini ya hapo. Kwa hiyo kutoa 45 ni ndogo kuliko kutoa 30, kama vile mtu aliye pima 45 chini ya maji alivyo mbali na hewa kuliko aliye pima 30. Watoto wa wavuvi hawakuhitaji kuelezwa mara ya pili. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni kwamba asiguse kifundo cha kuchagulia mtu ambaye hajashusha kwanza kile cha sauti, maana chombo kimoja huja kwa upole na kingine kwa kishindo, na spika iliyopasuka haina dawa.

Kosa letu lilikuwa katika kitufe kidogo cha tatu, ambacho hata sikukitazama. Hicho ndicho cha kuchagua namna ya kuisambaza sauti. Aliyekitumia kabla yetu alikiacha katika namna inayojifanya ukumbi mkubwa. Ukiuweka hapo, mtambo huichukua sauti, hutunga mwangwi wa kuta zisizokuwapo, na kuumwaga mwangwi huo katika spika zote. Kwa mpira wa miguu huenda ikapendeza. Kwa Siti, aliyekwisha kuimba ndani ya chumba chenye kuta zake, ilikuwa kumtia katika chumba cha pili, na ukumbi wetu wenyewe, ambao hauna mapazia wala zulia, ulikuwa cha tatu. Ndiyo maana bibi hakumtambua.

Tulikibonyeza mpaka ikaja namna ya moja kwa moja, ile isiyoongeza wala kupunguza kitu. Siti akarudi! Hatukusema neno, tukasikiliza mpaka mwisho. Kisha mwanafunzi mmoja alitaka kupunguza mkwaruzo, akabonyeza vitufe vya sauti nene na sauti nyembamba, na hapakutokea badiliko lolote. Kitabu kilitueleza kwamba katika namna ya moja kwa moja mtambo huviruka vitufe hivyo makusudi. Tukaiweka namna ya spika mbili, navyo vikafanya kazi. Sauti nene tuliishusha hatua mbili, kwa kuwa chini kabisa katika sahani za 1928 hamna muziki, kuna mngurumo wa mashine tu. Kuhusu sauti nyembamba tulibishana. Ukiishusha mkwaruzo hupungua sana, na masikio hupumzika. Lakini herufi za s na sh na f hufa pamoja nao, na neno likifiwa na herufi zake hubaki mlio. Wanafunzi walipenda usafi. Mimi nilimkumbuka bibi, nikaamua mkwaruzo ubaki.

Lilikuwapo jambo moja zaidi. Katika namna ya spika mbili, aliyekaa katikati ya ukumbi humsikia Siti mbele yake, lakini wanaokaa kando humsikia ametoka katika spika iliyo karibu nao. Ndipo yule mwanafunzi mwingine, mkimya, alipojaribu namna ya senema, na mimi nilikuwa karibu kumzuia. Hiyo huzilinganisha njia ya kulia na ya kushoto, na kila kilicho sawasawa katika zote mbili hukipeleka katika spika ya katikati, kwa kudhani kuwa ni maneno ya mchezaji wa senema. Na sauti ya Siti, ambayo haikupata kuwa na njia mbili, ni sawasawa yote. Mtambo ukazinyamazisha spika nyingine karibu kabisa, na bibi wa Fumba akaimba kwa kinywa kimoja kutoka katikati ya jukwaa. Nikamsifu kijana yule mbele ya mwenziwe, na hapa namsifu tena.

Ijumaa iliyofuata, baada ya sala, tulimwomba bibi aje. Alikuja na mjukuu wake, akakaa palepale. Tuliandika katika karatasi na kuibandika ubavuni mwa mtambo: namna ya senema, sauti nene kutoa 2, sauti nyembamba sifuri, kifundo kutoa 28. Tukauweka Kijiti tena. Madarasa mawili yalikuwapo, na kwa mara ya kwanza niliona watoto wakiifuata hadithi ile, wakageukiana pale wanawake walipohukumiwa. Bibi hakutazama mtambo. Midomo yake ilicheza pamoja na maneno, na mahali pawili alitangulia kuyasema kabla ya Siti.

Wimbo ulipokwisha aliuliza mbona tumekaa, hatuugeuzi upande wa pili? Tulimweleza kwamba wimbo wetu ni nakala iliyomo katika kompyuta, na kwamba hatuna sahani yenyewe. Akasema sahani ina pande mbili. Mwanafunzi wangu aliinama akatazama vitufe vyote 13 vya mbele, kimoja kimoja, kana kwamba huenda kikawapo cha kugeuzia.